Nikariri maneno gani ya IELTS?

SWALI: Najiandaa kurudia mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa kitaaluma, ili niombe nafasi ya shahada ya uzamili. Mara ya kwanza nilikariri maneno mazito kama "plethora" na "ubiquitous" nikayajaza kwenye insha, lakini sehemu ya kuandika nikaambulia 5.5. Sasa nikariri yapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Msamiati una robo tu ya alama za kuandika. Zilizobaki ni za kujibu swali lenyewe, mtiririko wa hoja na sarufi. Na hata kwenye hiyo robo, msahihishaji anaangalia kama neno limekaa mahali pake. Ukiandika "a plethora of problems", kisha sentensi inayofuata ikawa "people is suffer", anajua mara moja kwamba lile la kwanza limebandikwa.

Orodha inayofaa ni Academic Word List (orodha ya maneno ya kitaaluma) ya mtaalamu wa lugha Averil Coxhead, iliyotoka mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno (neno na ndugu zake) katika vikundi 10, na kikundi cha kwanza ndicho chenye maneno yanayotumika zaidi: "evidence", "policy", "assess", "significant". Vikundi vitatu vya kwanza ukivimudu barabara vinakutosha kwa kuanzia.

Kila neno lipe nusu ukurasa wa daftari. Chukua "evidence". Halina wingi, kwa hiyo "evidences" ni kosa. Huandamana na "provide" na "strong". "Big evidence" hakuna anayesema. Ndugu zake ni "evident" na "evidently". Malizia kwa sentensi yako mwenyewe. Maneno sita kwa siku yanatosha. Yarudie kesho yake, tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki: funika neno, soma sentensi yenye pengo, ujaze kwa kalamu. Kusoma tafsiri tu kunakudanganya kwamba unalijua.

Mtego mkubwa kwetu ni kitenzi "kufanya". Tunafanya utafiti, tunafanya kosa, tunafanya mkutano, hata uhalifu tunafanya. Kiingereza kinataka "conduct research", "make a mistake", "hold a meeting" na "commit a crime". Tenga ukurasa mzima kwa ajili ya "kufanya", kila jina na kitenzi chake. Vilevile "kujadili kuhusu" hutuzalishia "discuss about", wakati "discuss" haihitaji "about". "Emphasize on" nayo ni hivyo hivyo, ifute "on".

Siku ya mtihani, insha ya pili (maneno 250, kama dakika 40) ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza ya maneno 150. Bakiza dakika tatu za kuwinda maneno yasiyofaa insha rasmi, kama "kids", "don't", "a lot of" na "things". Sentensi uliyonakili kutoka kwenye swali haihesabiwi, kwa hiyo usijazie nafasi nayo. Neno ukilitilia shaka, andika jepesi unalolijua.

SWALI: Na kwenye mazungumzo nitumie maneno hayo hayo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa kiasi. Ni maongezi ya dakika 11 hadi 14, na "I reside in Nyali" inachekesha kidogo; "I live in" inatosha, na "I'm" au "don't" havina ubaya wowote. Maneno ya kitaaluma yaweke kwa sehemu ya tatu, ambapo maswali hugusa jamii kwa jumla. Hapo chunga mkazo, maana matamshi nayo yana robo ya alama. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi hukaza "ly" katika "analysis". Mkazo wake uko kwenye "nal". Katika "analytical" unahamia kwenye "lyt". Unapoandika neno daftarini, pigia mstari silabi yenye mkazo siku hiyo hiyo.