Taka za Tabata zilihamia kwa nani?

Wiki hii mmeuliza: kero ya uchafu mitaani imalizwe na jiji au na wakazi wenyewe? Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, upande wa bonde la mto Msimbazi. Naona wajibu ni wa jiji, ila wa kulibana ni sisi. Na tusiishie kusema "ondoeni taka hapa". Tuulize zinapelekwa kwa nani.

Nasema hivi kwa sababu ya yaliyotokea Tabata, hapahapa Dar es Salaam. Miaka ya 1980 Jiji lilikuwa likimwaga taka zake pale, jirani kabisa na nyumba za watu. Zilichomwa, moshi ukaingia vyumbani, uvundo na nzi usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi walilishtaki Jiji Mahakama Kuu wakashinda; Jiji likaamriwa liache na litafute mahali panapofaa. Halikuacha. Likawa linarudi mahakamani kuomba liongezewe muda, hadi Jaji Lugakingira alipokataa. Alishangaa kuona chombo cha umma kinasimama mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akalikumbusha Jiji ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Haki hiyo na nyingine za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na ni 1988 ndipo wananchi walipoweza kuzidai mahakamani. Watu wa Tabata walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuzishika mkononi, na walizishika kwa sababu ya jalala. Kila nikilikumbuka hilo nawaheshimu upya.

Lakini taka zenyewe zilikwenda wapi? Kunduchi Mtongani, mahali ambapo mpango wa Jiji lenyewe ulikuwa umepatenga kwa makazi. Wakazi zaidi ya 700 wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Dampo likahamia Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi, baadaye Mtoni, na sasa liko Pugu Kinyamwezi. Kila waliposhinda wa huku, wa kule wakaanza kuumwa na moshi uleule.

Mtaani kwetu tulifanya hivyohivyo. Gari la taka lilipokaa wiki tatu bila kuonekana, tuliwalipa vijana wa guta. Tulijua wanamwaga bondeni, tukanyamaza kwa kuwa mlangoni kwetu palikuwa peupe. Masika yakaja, mto ukafurika, viroba vikaishia uani kwa mama mmoja anayeishi chini yetu, pamoja na maji ya vyoo ambavyo watu walivitapisha mvua ikinyesha. Mjukuu wake aliharisha wiki nzima. Guta lile nililipa na mimi. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama, akanikaribisha ndani.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nauunga mkono, nami hutoka na fagio. Ila tukishazibua mtaro, tope na chupa hubaki vichuguu pembeni, na gari lisipokuja siku ileile, mvua moja tu hurudisha vyote mtaroni. Bwana afya anapita anatupongeza. Gari halina habari.

Pugu ni mbali. Mafuta ni ghali, foleni ni ndefu, na ada ya taka nyumba nyingi hazilipi. Dereva wa kirikuu mwenye kulipwa kwa safari anashawishika kumwaga njiani, na njiani pana bonde. Kwa hiyo ninalodai ni dogo, lakini linagusa mahali penyewe: kila gari linalobeba taka za mtaa lilete stakabadhi ya dampo, ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mtu yeyote aione. Stakabadhi isipokuwapo, safari hiyo isilipwe. Na jiji lijenge vizimba vya kukusanyia taka, vya kutosha, karibu na mitaa, ili mwenye guta naye apate pa kushusha mzigo kihalali.

Mkutano wa mtaa uliopita nililisema hili. Mwenyekiti akakubali, mkandarasi akaitwa. Safari alizotuandikia kwa mwezi zilikuwa nane. Stakabadhi alizoleta ni tatu. Mkutano ujao tutamuuliza zile tano zilimwagwa kwa nani, na yule mama wa bondeni ameahidi kuja.