Hali ya hewa, mito na makazi: usizisome kama topiki tatu

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mpaka mwisho. Unasema jiografia una topiki tatu zinazokutesa, hali ya hewa, sura za nchi zinazotengenezwa na mito, na makazi ya vijijini na mijini, unakremu usiku kucha ukifika asubuhi vimeshachanganyikana, na pepa iko karibu. Umeuliza zisomwe vipi. Mimi nafundisha hili somo na nimesahihisha pepa zake nyingi sana kwa hiyo nakujibu kwa ninachokiona kwenye makaratasi ya wanafunzi.

Anayefeli hizi topiki mara nyingi notisi anazo, tena safi kabisa, ila kazigawa mafungu matatu yasiyojuana. Kumbe ni stori moja tu ya maji. Maji yanapanda angani kama mvuke, yanaanguka, yanashuka yakichimba na kubeba, yanamwaga yalichobeba, halafu binadamu anakuja kujenga akiyafuata au akiyakimbia. Ukiishika hiyo stori, kila jina unalolikariri linapata sehemu yake ya kukaa na halipotei tena.

Anza na vifaa vya kituo cha hali ya hewa maana hapo watu wanapoteza maksi za bure. Usikariri kwamba sanduku la Stevenson, lile linalotunza vipimajoto, ni jeupe, lina luva (vibao vya mshazari vyenye nafasi kati yake), liko juu ya majani, kama vile unakariri namba ya simu. Jiuliza kila kitu kinafanya nini. Tunachotaka kupima ni joto la hewa yenyewe, jua lisiingilie. Kwa hiyo rangi nyeupe ya kurudisha mionzi, luva ili hewa ipite lakini jua lisiingie, miguu ya kuliinua mita moja na robo hadi mbili kwa sababu ardhi yenyewe inatoa joto, na mlango unaelekezwa mbali na jua, yaani kaskazini ukiwa nusu ya kaskazini ya dunia na kusini ukiwa nusu ya kusini. Umeona? Sababu ni moja, majibu manne. Vilevile vile vipimajoto viwili vya kupima unyevu wa hewa, kikavu na kile kilichofungwa kitambaa kibichi: maji yakikauka yanapoza, hewa ikiwa kavu yanakauka haraka na tofauti ya nyuzi inakuwa kubwa, hewa ikiwa imeshiba mvuke hakuna kinachokauka na vyote viwili vinasoma sawa. Na upepo unaitwa kwa kule unakotoka, upepo wa kusini unatoka kusini, hili nalirudia kila darasa na bado kila pepa linakosewa.

Mvua ndiyo nataka ukae nayo kidogo. Vitabu vinatoa aina tatu na wanafunzi wanachora michoro mitatu bila kuona kwamba ni kitu kilekile, hewa yenye unyevu imelazimishwa kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa mvuke unageuka matone. Kinachobadilika ni nani kaisukuma juu. Inaweza kuwa mlima, inaweza kuwa ardhi iliyochemka mchana kutwa, au inaweza kuwa hewa nzito ya baridi iliyoingia chini ya hewa ya joto ikainyanyua. Basi. Kwa wastani joto linashuka kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, hiyo namba ishike itakusaidia kwenye mahesabu. Mfano wa mvua ya mlima usiosahaulika ni Cherrapunji kule India, pepo za unyevu kutoka Ghuba ya Bengal zinavuka tambarare halafu ghafla zinakutana na ukuta wa vilima vya Khasi, na kati ya Agosti 1860 na Julai 1861 zilipimwa milimita 26,461 ndani ya miezi 12. Shillong haiko mbali na hapo lakini ipo upande wa nyuma ya vilima na inapata sehemu ndogo tu ya mvua hiyo. Ukiandika mfano huo na ukachora mishale ya hewa ikipanda upande mmoja na kushuka ikiwa kavu upande wa pili, hakuna msahihishaji atakunyima maksi.

Sasa hayo maji yameshuka, tunaingia mtoni. Mto una mambo matatu tu, kuchimba, kubeba, kumwaga, na kila umbo unaloulizwa ni matokeo ya lipi limezidi mahali hapo. Juu kwenye mteremko mkali mto unachimba kwenda chini, unapata bonde lenye umbo la V na maporomoko. Maporomoko ya Niagara yana mwamba mgumu juu na mwamba laini chini, laini unaliwa, mgumu unabaki unaning'inia mpaka unadondoka, na hivyo maporomoko yenyewe yanarudi nyuma kuelekea chanzo cha mto. Ndani ya miaka kama 12,000 yamerudi kilomita 11 hivi na kuacha korongo. Ila angalia, wanafunzi wengi wanaandika maelezo hayohayo kwa Victoria Falls, maporomoko ya mto Zambezi, na siyo sahihi. Zambezi pale unapita juu ya basalti, mwamba mgumu wenye nyufa ndefu, mto umekuwa ukifukua zile nyufa moja baada ya nyingine, ndiyo maana makorongo ya chini yake yanakwenda zigizaga, na kila korongo ni mahali maporomoko yalipowahi kuwa zamani. Yana upana wa mita 1,700 hivi na kimo kama 108. Mimi hapa huwa nasimamisha darasa kabisa kwa sababu mwanafunzi akielewa kwamba lile korongo ni kumbukumbu ya maporomoko ya zamani, anaanza kusoma ramani kwa jicho jingine.

Kingine, futa kichwani kwamba mto unakwenda kasi juu na polepole chini. Juu maji yanaonekana ya fujo lakini nguvu nyingi inaishia kwenye msuguano na mawe, chini mto ni mpana na wa kina, msuguano ni mdogo, na wastani wa kasi mara nyingi uko sawa na wa juu au umezidi kidogo.

Halafu mapindo ya mto. Hapa nitakuomba uchukue kikombe cha chai yenye majani, koroga, acha, angalia. Ungetegemea majani yatupwe pembeni lakini yanajikusanya katikati ya kitako. Albert Einstein mwenyewe aliandika makala mwaka 1926 akitumia chai hiyohiyo kuelezea mito. Maji ya juu yanasukumwa nje, ya chini yanacheleweshwa na msuguano wa kitako kwa hiyo yanarudishwa ndani na yanabeba majani. Kwenye kona ya mto ni hivyohivyo, maji ya juu yanapiga ukingo wa nje na kuula, yanazama, yanarudi kwa chini kuelekea ukingo wa ndani yakiwa na mchanga na kuumwaga pale. Nje panakuwa kina na ukingo mkali, ndani panakuwa kichanga chenye mteremko mpole. Ukingo wa nje ukiendelea kuliwa miaka na miaka kona inajipinda zaidi mpaka shingo yake inakatika, mto unapita njia fupi na kona ya zamani inabaki kama ziwa lililojipinda. Hii siyo nadharia. Mwaka 1876 Mississippi ilikata shingo ya pindo mbele ya mji wa Vicksburg, na mji uliokuwa unaishi kwa bandari yake ukajikuta mto mkuu umeuhama, na ilibidi mto Yazoo uelekezwe upite pale, kazi iliyokamilika mwaka 1903. Tayari hapo umeshaunganisha topiki ya mito na topiki ya makazi kwa mfano mmoja.

Chini kabisa ndiyo kumwaga. Mto ukifurika na kutoka nje ya njia yake kasi inapotea ghafla, chembe kubwa zinaangukia palepale ukingoni na zile laini zinasafiri mbali kwenye uwanda. Ndiyo maana kando ya mto pananyanyuka taratibu, kila mafuriko yanaongeza tabaka, na nyuma yake panabaki chini na pana tope laini. Delta, yaani ardhi ya udongo uliomwagwa pale mto unapoingia baharini, nayo usiandike "mto unamwaga mzigo baharini" ukaishia hapo, sema mzigo lazima uwe mwingi kuliko uwezo wa mawimbi na mikondo kuuondoa. Congo ni mto mkubwa mno lakini hauna delta kama ya Nile kwa sababu mlangoni kwake kuna korongo refu chini ya bahari linalopeleka mchanga kilindini. Na Nile yenyewe, tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike 1970 udongo mwingi unanaswa nyuma ya bwawa na fukwe za delta zinaliwa na bahari.

Sasa makazi, na hapa ndipo nataka uone zile topiki tatu zikikutana. New Orleans ilianzishwa 1718 na Wafaransa walijenga juu ya ule ukingo ulioinuka kando ya Mississippi, sehemu kavu pekee katikati ya kinamasi, lakini jirani na njia ya meli. Baadaye mji ukakua, vinamasi vya nyuma vikakaushwa, ardhi ikazidi kudidimia, watu wakajenga humo. Agosti 2005 kikaja kimbunga Katrina, kuta za kuzuia maji zikavunjika na kama asilimia 80 ya mji ikaingia maji, lakini mtaa wa kale wa Wafaransa sehemu yake kubwa ilibaki kavu. Chora mkato wa nchi, yaani ardhi ikionekana kwa ubavuni kama imekatwa: mto, ukingo ulioinuka na nyumba za zamani, halafu bonde la nyuma na nyumba mpya. Mchoro mmoja huo una hali ya hewa, una umbo la mto, una uchaguzi wa mahali pa kujenga, na una watu waliolipia gharama. Mimi naupenda mfano huu kuliko yote kwa sababu unaonyesha jiografia inahusu maisha ya watu kweli.

Swali la makazi linataka utenganishe vitu viwili ambavyo wengi wanavichanganya. Kuna pale mahali penyewe mji ulipokaa, je, pana maji, pakavu, pana ulinzi, na kuna nafasi yake kulinganisha na vinavyouzunguka, barabara, mito, miji mingine. Khartoum ipo yanapokutana maji ya Nile ya Bluu na Nile Nyeupe, London ilianzia pale ambapo Warumi waliweza kujenga daraja juu ya Thames. Vijiji vya chini ya vilima vya chaki kusini mwa Uingereza vimejipanga mstari kwa sababu chemchemi zinatokea hapo. Makazi ya mstari, yaliyokusanyika, yaliyotawanyika, usiyataje tu, sema nini kimeyapanga hivyo, chemchemi, barabara, usalama, au mashamba makubwa ambapo kila mkulima anakaa kwenye eneo lake. Na ukiulizwa mji ni nini usiseme namba moja kama vile dunia nzima imekubaliana, Sweden watu 200 tu wanatosha kuhesabiwa ni makazi ya mjini, Japani mji kwa kawaida unatakiwa uwe na watu 50,000. Ile modeli ya duara duara ya Burgess ya 1925, inayoonyesha mji ukipanuka kwa maduara kutoka katikati, ilitokana na Chicago, ichore lakini ongeza sentensi kwamba hata Chicago yenyewe maduara yamekatwa nusu na Ziwa Michigan, hapo unaonyesha unafikiri.

Stori haijaisha kwa sababu mji nao unageuka na kuibadilisha hali ya hewa. Luke Howard, yule aliyetupa majina ya mawingu kama kumulasi na sirasi mwaka 1802, alipima joto la London miaka ya 1810 na kukuta usiku mjini ni joto kuliko mashambani nje ya mji. Matofali na lami vinatunza joto la mchana, miti na udongo mbichi wa kupoza ni michache. Na lami hiyohiyo inazuia mvua isizame ardhini, maji yanakimbilia mitaroni na kufika mtoni haraka, ndiyo maana grafu ya wingi wa maji ya mto unaopita mjini inapanda kwa ghafla na juu sana baada ya mvua, wakati wa kijijini unapanda polepole. Hilo swali la grafu mbili linapendwa mno na watunga mitihani.

Kwa muda uliobakiwa nao fanya hivi. Chukua karatasi moja kubwa, chora mto kutoka milimani mpaka baharini, juu weka mawingu na mishale ya hewa, kando weka vijiji na miji, na kwenye kila kitu andika "kwa sababu" na umalizie mwenyewe bila kuangalia notisi. Pale utakapokwama ndipo ufungue kitabu, palepale tu. Kesho yake chora tena kwenye karatasi tupu. Na ukipata swali la ramani, kabla hujaandika chochote soma kontua kwanza, ile mistari inayoonyesha kimo cha ardhi: zikibanana mto unachimba kwenda chini, zikiachana tafuta mapindo, maziwa yaliyojipinda na vinamasi, halafu angalia nyumba ziko kontua ya ngapi juu ya mto, maana jibu la "kwa nini makazi yapo hapa" mara nyingi linakaa kwenye hizo mita chache. Ukikwama kwenye grafu ya mafuriko au kuchora mkato wa nchi niandikie hapahapa, nitakuelekeza hatua kwa hatua.