Spana na soketi: hesabu saizi, usihesabu vipande

SWALI: Nataka kuanza kufanya mwenyewe kazi ndogo za gari: kumwaga oili, kubadili plagi na pedi za breki. Nimeonyeshwa seti mbili ambazo bei zake zimekaribiana. Moja ina vipande zaidi ya 200, nyingine 60 tu. Nichukue ipi?

JIBU: Kabla ya kununua, ihesabu upya ile seti kubwa. Toa biti za bisibisi, toa funguo za aleni, toa soketi za inchi ikiwa gari lako ni la milimita. Ukishamaliza, angalia kilichobaki. Unachotafuta ni saizi 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19, na kila moja uipate mara mbili: soketi na spana yenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili. Seti yenye hizo zote inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi ulizozitaja, hata ikiwa na vipande 40; plagi tu ndizo zinazotaka soketi yao ndefu, mara nyingi ya 16 au 21.

Asili ya gari nayo ina neno. Bolti ya M8 (yaani yenye uzi wa kipenyo cha milimita 8) kwenye gari la Kijapani kwa kawaida ina kichwa cha 12, na ya M10 kichwa cha 14. Kwenye gari la Ulaya, M8 huwa na 13, na M10 huwa 16 au 17. Kwa hiyo mwenye Toyota atashika 10, 12 na 14 kutwa nzima, huku 13 ikikaa kisandukuni. Mwenye gari la Ulaya ahakikishe 16 na 18 zimo, maana seti nyingi huziruka saizi hizo kimyakimya.

Kisha tazama ndani ya soketi. Chagua za kona 6. Soketi ya kona 6 husukuma pande bapa za nati, ilhali ya kona 12 hushika karibu na pembe, na pembe ndizo zinazolika. Kwenye spana ya ringi, kona 12 si kosa: mahali pa kubana unaweza kuitoa na kuirudisha kila nyuzi 30. Jaribio ni hili: vika soketi ya 10 kwenye bolti mpya ya M6, uitikise kwa vidole kushoto na kulia. Ikicheza sana kabla ya kushika, irudishe rafuni.

Mpini nao si wa kupuuza. Hata seti za milimita hupimwa kwa inchi kwenye mraba wa kupachikia. Ukiweza kununua mmoja tu mzuri, nunua wa 3/8, kwa kuwa ndio unaofanya kazi nyingi. Wa 1/2 ni wa nati za tairi na chini ya gari. Ukiutumia kwenye bolti ya M6, ambayo mara nyingi inataka Nm 10 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), utaikata bila kuhisi chochote mkononi. Racheti, yaani mpini wenye meno ndani unaokaza bila kutoa soketi, ikiwa ya meno 72 hushika kila nyuzi 5, ya meno 24 kila nyuzi 15, na tofauti hiyo utaiona mkono ukiwa umebanwa nyuma ya injini. Usilegeze nati iliyoganda kwa racheti. Tumia mpini mrefu usio na meno.

SWALI: Kwa nini nati zangu zinalika pembe, na spana ni mpya?

JIBU: Kwanza, mdomo wazi hushika pande mbili tu. Legeza kwa ringi au soketi, mdomo wazi uuache kwa kumalizia. Pili, saizi za inchi na milimita hazibadilishani ovyo. 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo inaelewana na 19, lakini 1/2 ni 12.7: ukiitia spana ya 13 inabaki nafasi ya milimita 0.3, na hapo ndipo pembe huanza kung'aa. Tatu, kutu na matope huzuia soketi kuzama hadi mwisho. Kwangua kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulainisha kutu, subiri, ndipo uvike.

Nati za paipu za breki ni laini kuliko nyingine. Zinataka spana ya ringi iliyokatwa pengo la kupitisha paipu, mara nyingi ya 10. Kwa kazi hii tusingekushauri kabisa mdomo wazi.

SWALI: Soketi hizi zinazong'aa naweza kuzifunga kwenye mashine ya kufungulia nati za tairi?

JIBU: Hapana. Zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Mashine inataka soketi nyeusi, nene, ambazo nyingi huandikwa Cr-Mo (chuma cha kromu na molibdeni). Wakati wa kukaza, malizia kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi ndogo ni Nm 103.