Lubumbashi hadi Dar kwa siku 12: ni laini gani itakula pesa kidogo?

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unaondoka Alhamisi, Lubumbashi kwenda Dar es Salaam kwa basi, siku 12 kwenda na kurudi, mara yako ya kwanza kununua viatu Kariakoo. Unataka laini ya kulipia kabla itakayokula pesa kidogo. Jirani amekwambia uache laini ya Congo ifanye kazi hukohuko, na kaka yako anasema ununue kwenye intaneti ile laini isiyo na kadi (eSIM) kabla hujatoka. Mimi njia hiyo naifanya tangu 2016, mara tatu au nne kwa mwaka. Nitakujibu kwa kirefu maana wakati wangu hakuna aliyeniambia, na niliyalipa kwa dola.

Nianze na jirani yako. Anachokushauri kinaitwa romingi. Laini yako ikiwa nchi ya watu, kampuni ya huko ndiyo inayoibeba, kisha inaidai kampuni yako, na bei inatokana na makubaliano ya hao wawili. Siyo bei unayoiona kwenye menyu ukiwa Kamalondo, hapa kwetu Lubumbashi. Forfe, yaani kifurushi cha mega na dakika ulichonunua nyumbani, kwa kawaida haivuki mpaka. Ukifika ng'ambo mega zinalala, na simu inaanza kula unite zenyewe, yaani salio la laini. Hata kupokea simu mara nyingi unalipa, na hilo wengi wetu hatulijui kwa sababu nyumbani anayelipa ni anayepiga.

Mwaka 2017 niliondoka na unite za dola 20, nikijua zitanitosha kumpigia mama kila jioni. Tulivuka mpaka wa Kasumbalesa, na basi lilipofika Chililabombwe, mji wa kwanza kule Zambia, nikatoa simu mkobani nimwambie tumevuka salama. Salio lilikuwa limekwisha. Sikuwa nimeigusa. Programu zilikuwa zinajisasisha zenyewe mkobani, na kila mega ilikuwa inahesabiwa kwa bei ya ugenini. Sisi watu wa huku tuliozoea kuhesabu unite mojamoja tangu 2020 ilipokuja RAM, ile kodi ya simu iliyokatwa kwenye unite, mpaka ilipofutwa 2022, bado tunasahau kwamba simu inatumia hata ikiwa imelala.

Tena si lazima uwe umevuka. Pale Kasumbalesa unaweza kuwa kwenye foleni upande wetu, simu ikashika mnara wa Zambia kwa sababu ndio ulio karibu. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani fungua mipangilio ya simu. Zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, basi tafuta palipoandikwa "Itinérance des données", ndiyo romingi ya data, uzime. Halafu kwenye kuchagua mtandao, toa ile ya otomatiki na uchague kampuni yako kwa mkono, uiache hivyo mpaka umegongewa mhuri wa kutoka. Ukishavuka, rudisha otomatiki, lakini ile itinérance ibaki imezimwa safari nzima.

Usiitoe laini ya Congo kwenye simu. Kuna dada niliyesafiri naye aliitoa akaifunga kwenye leso, akaipoteza Mpika, kule Zambia, na pesa zake zote za simu zilikuwa kwenye namba hiyo. Simu yako ina sehemu mbili za laini, basi ya Congo ikae ya kwanza, data imezimwa, na unite kidogo ndani yake kwa ajili ya dharura tu. Kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje kwa kawaida hakulipiwi, na huo ndio utakaokuletea namba za siri za akaunti zako. Ila pita kwanza kwenye duka la kampuni yako pale mjini uulize kama laini yako imefunguliwa kufanya kazi nje ya nchi. Nyingine zinahitaji kufunguliwa, na ukiwa umeshafika Nakonde, mpaka wa Zambia na Tanzania, usiku huwezi tena kuliomba hilo. Waombe pia wakuzimie sanduku la sauti. Simu isiyopokelewa ikielekezwa huko ukiwa nje, inaweza kukukata unite.

Ushauri wa kaka yako si mbaya, ila si wako. Laini ya bila kadi inataka simu inayoikubali, na simu nyingi tunazonunua huku haziikubali. Inalipiwa kwa kadi ya benki, mara nyingi inakupa mega tu bila namba ya kupigiwa, na giga moja yake mara nyingi ni ghali kuliko ya laini ya pale pale unapokwenda. Inamfaa anayeruka nchi tano kwa wiki moja.

Sasa Zambia. Hapa watu wanatupa pesa nyingi bila kujua. Basi likisimama Kitwe au Ndola, vijana wanakuja dirishani na laini. Unanunua, unaweka forfe ya saa 24 (wao wanaita bando, na unite kwao ni toktaimu), unafurahi. Halafu basi linaingia barabara ndefu ya Serenje na Mpika. Kuna vipande vya pori ambako simu haionyeshi hata ngazi moja, na palipo na mtandao wewe umelala. Saa 24 zinaisha hujatumia hata robo. Nilihesabu safari moja: nililipia mega 500, nikatumia 60. Mega nilizozitumia zilinitoka mara nane ya bei iliyoandikwa.

Kwa hiyo kama unapita tu Zambia, mara hii ya kwanza usinunue laini ya huko. Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba utakuwa kimya siku mbili, na kwamba utawatumia ujumbe mfupi kwa laini ya Congo ukifika Nakonde. Ukiwa na mtoto mgonjwa nyumbani, au mtu anakusubiri njiani, hapo nunua, ila forfe ndogo kabisa iliyopo.

Laini yako ya kazi utainunua Tanzania. Na hapa nikukumbushe: Airtel iko kwetu, iko Zambia, iko Tanzania. Vodacom iko kwetu na Tanzania, na M-Pesa iko pande zote mbili. Jina ni moja lakini akaunti si moja. Forfe ya Lubumbashi haisomeki Tunduma, upande wa Tanzania wa mpaka wa Nakonde, hata kama rangi ya duka ni ileile.

Tunduma utakutana na watu wa laini kabla hujamaliza uhamiaji. Atakuja kijana mwenye laini tayari "imeshasajiliwa, dada, weka tu uongee". Ikatae. Mimi niliichukua mwaka 2018 kwa sababu nilikuwa nimechoka na foleni. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano ilifungwa, na ndani yake kulikuwa na pesa nilizotumiwa na mteja. Kila nilipokwenda kuuliza niliulizwa jina la mwenye laini, na mwenye laini sikumjua mimi. Tangu Januari 2020 Tanzania inadai laini zisajiliwe kwa alama za vidole, na mgeni anasajili kwa pasipoti yake. Basi fanya hivyohivyo, kwa wakala mwenye meza na mwavuli wa kampuni au kwenye duka.

Inachukua dakika kumi ikikubali. Mara ya mwisho kidole changu kilikataa mara sita. Nilikuwa nimekula karanga za kukaanga njia nzima, dole gumba linang'aa mafuta. Yule mama wakala akachukua ncha ya kanga yake, akanifuta dole, akafuta na kioo cha kile kifaa, akasema, "Bonyeza polepole, mgeni, usikikimbize." Kikakubali. Kabla hujaondoka hapo piga *106# kwenye laini hiyo, uone jina lililosajiliwa ni lako na limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Herufi moja ikikosewa, siku ukipoteza laini unaweza kushindwa kuirudisha. Lipa kwa shilingi. Ukitoa dola au kwacha, bei itapangwa na anayepokea.

Mtandao gani? Usiulize kwenye jukwaa hili, uliza utakapolala. Mimi nikifika Dar namuuliza mhudumu wa nyumba ya wageni simu yake inashika mtandao gani vizuri ndani ya vyumba, kwa sababu mchana nikiwa Kariakoo mitandao yote ipo, ila usiku ndio napiga hesabu na nyumbani. Ukiwa na haraka ya kununua Tunduma, angalia walau kampuni ya muuzaji wako mkuu wa viatu, maana dakika za mtandao mmoja mara nyingi ni nafuu kuliko za mitandao yote. Na usishangae ukisikia Yas, ndiyo iliyokuwa Tigo, ilibadili jina Novemba 2024.

Kuhusu bando lenyewe, sikuandikii bei kwa sababu zinabadilika, ila nikufundishe ninavyochagua. Wiki hii, kabla hujasafiri, fungua sehemu ya matumizi ya data kwenye simu yako uone siku moja ya kazi inakula mega ngapi. Mimi nikiwa sokoni nakula kama 150: picha za viatu kwa wateja, ujumbe wa sauti, na simu moja ya WhatsApp usiku. Simu ya sauti ya WhatsApp kwenye simu yangu haifiki mega moja kwa dakika. Ya video inakula mara nyingi zaidi, na ndiyo inayomaliza watu. Kwa siku nane za Dar mimi nahitaji giga moja na robo hivi.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, giga 1 ya siku moja ni dola 1, na giga 1 ya siku saba ni dola 2. Mtu anaona ya siku moja ndiyo rahisi. Lakini hiyo nitainunua mara nane, dola 8, na kila usiku mega 850 zinakufa. Ya wiki nitanunua mara moja, na siku iliyobaki nitaongeza kidogo. Kwa hiyo usigawe bei kwa mega wanazokupa, igawe kwa mega utakazozimaliza. Bando la mwezi nalo, lenye giga 20 na dakika 600, linapendeza kulitazama, ila wewe unarudi nyumbani. Na uliza daima: saa 24, au mpaka saa sita usiku? La pili ukilinunua saa mbili usiku umelipia saa nne. Kumbuka pia Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa sita yao usiku ni saa tano ya Lubumbashi, wakati ule hasa ambao mume au dada amemaliza kazi anataka kuongea.

Kitu cha mwisho ndicho kilichomuumiza rafiki yangu wa Katuba kuliko bei yoyote. Ukiweka laini mpya, WhatsApp inaweza kukuuliza kama umebadilisha namba. Jibu hapana, ibaki na namba yako ya +243. Itafanya kazi kwa mega za Tanzania bila shida yoyote, na wateja wako watakupata palepale. Yeye alihamia namba ya Tanzania, akarudi nyumbani, laini ikakaa miezi bila kutumika, kampuni ikaifunga na baadaye ikauzwa upya. Aliyeinunua namba hiyo akafungua WhatsApp kwayo, na rafiki yangu akatolewa nje ya makundi yote ya biashara. Weka pia ile namba ya siri ya tarakimu sita ndani ya WhatsApp kabla ya Alhamisi, na usiifute programu njiani kwa sababu yoyote.

Wakati wa kurudi, maliza bando Tanzania. Laini usimpe mtu, hata yule wa nyumba ya wageni aliyekutendea wema, kwa sababu ina pasipoti yako na chochote atakachokifanya nayo kitakutafuta wewe. Mimi yangu naibandika kwa utepe ndani ya kile kitabu cha njano cha chanjo, maana hicho hakuna safari ninayokisahau. Ukikaribia Kasumbalesa chagua tena kampuni yako ya Congo kwa mkono, kisha ukifika mjini rudisha otomatiki.

Niandikie ukifika Tunduma, nitakuwa macho.