Jibu: Kijana akiitwa mhuni, huwa mhuni?

Ndugu yangu, umeuliza kama vijana wa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, ni wahuni kwa asili au jina ndilo limewaharibu. Jina lina mkono mkubwa kuliko tunavyokubali.

Mwaka 1951 mwanasosholojia Mmarekani Edwin Lemert alitenganisha kosa la kwanza, ambalo wengi wetu tulilifanya likapita, na la pili, linalokuja mtu akishaanza kujiona kama anavyoitwa. Hilo la pili linaniuma, maana nimeliona hapa Ujiji. Kijana wa jirani alisuka nywele tu, akaitwa mvuta bangi. Kuku akipotea, anaulizwa yeye. Aliyempa pikipiki ya hesabu akaichukua. Nani alibaki kumpokea? Wale walioitwa hivyo kabla yake. Kwao alipata salamu, lugha ya peke yao, na heshima aliyonyimwa mtaani. Sasa bangi anavuta kweli.

Uingereza nako, Pasaka ya 1964, vijana walifanya fujo mjini Clacton na magazeti yakazikuza mno. Mwanasosholojia Stanley Cohen alionyesha baadaye kwamba kelele zile zilizidisha uhasama kati ya Mods na Rockers, makundi mawili ya vijana ambayo mwanzoni hayakuwa yametengana hivyo.

Sisemi kijana hana hiari. Aliyekwapua simu ashtakiwe kwa simu hiyo, si kwa nywele zake. Na huyo unayemwogopa mwaloni, mwite kwa jina alilopewa na mama yake, umpe hata kazi ya kuanika dagaa.