Joho la wakili na fomu ya ubunge: majibu kwa wasomaji

Shikamoo. Binti yangu anamaliza kidato cha sita, anautaka ubunge. Nimsukume asome sheria? (Mama, Chumbageni)

Marahaba, mama. Ubunge haudai shahada yoyote. Ibara ya 67 ya Katiba inataka raia aliyefikisha miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, tena awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Wajumbe wa kura za maoni nao, unawajua, hawaulizi cheti. Akiipenda sheria yenyewe, asome. Ummy Mwalimu wa hapa Tanga ni mwanasheria. Aliingia Bungeni mwaka 2010 kwa viti maalumu, akashinda jimbo la Tanga Mjini mwaka 2020, lakini wizara tunayomkumbuka nayo zaidi ni ya Afya.

Nasoma Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Nikiajiriwa uhakimu, nitabaki na kadi yangu ya chama? (Mwanafunzi)

Hapana, mwanangu. Ibara ya 113A inamkataza jaji, msajili na hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama cha siasa. Kura yako utapiga, basi. Na kwa kuwa mgombea lazima atoke chamani, hakimu anayelitamani jimbo hana budi kuacha kwanza uhakimu. Marehemu Christopher Mtikila aliupigania ugombea binafsi kwa miaka mingi: mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa ushindi. Katiba bado haijabadilishwa.

Mimi marufuku ya mahakimu naiunga mkono. Chukua Pangani, mji ambao watu wanajuana hadi majina ya utani. Wawili wanagombea mpaka wa shamba la minazi, na mmoja ni katibu wa tawi. Hakimu juzi alionekana naye mkutanoni, wamevaa kofia za rangi moja. Hukumu hata ikiwa ya haki tupu, yule mwingine ataipokeaje? Kwa hiyo amua mapema, kabla hujazoea kuitwa mheshimiwa.

Nimeapishwa uwakili, ofisi nimefungua, wateja hawaji. Serikalini kuna nini? (Wakili, Ngamiani)

Wakili msomi, pole. Tangu mwaka 2018 kazi za sheria za Serikali zimegawanywa: Wakili Mkuu wa Serikali anasimamia kesi za madai, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inashughulikia jinai. Ila mimi ningekuelekeza halmashauri. Huko utaandika sheria ndogo za ushuru wa soko, utakagua mikataba ya wakandarasi, na utawasikia madiwani wakikasirika. Kwa mtu mwenye ndoto za siasa, hilo ni darasa la bure. Jaji Joseph Warioba naye alipitia utumishi kwanza: akawa Mwanasheria Mkuu mwaka 1976, Waziri wa Sheria mwaka 1983, Waziri Mkuu mwaka 1985, kisha jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari huko Hamburg.

Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mwanasiasa? (Msomaji, Korogwe)

Ni mteule wa Rais, na lazima awe na sifa za uwakili kwa miaka isiyopungua 15 mfululizo. Bungeni anaingia kwa wadhifa wake, hapigiwi kura.

Tukimchagua wakili awe mbunge, atatusimamia bure kesi zetu za ardhi? (Mzee, Muheza)

Mzee wangu, usimchague kwa hilo! Mbunge anatunga sheria na kuisimamia Serikali. Akianza kubeba kesi za wapiga kura, atamsimamia nani na kumwacha nani, maana wanaoshtakiana wote ni wake? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria wasiotoza ada. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii hapo halmashauri. Usiogope Kiingereza, tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Beba hati ya mauziano, hata kama ni karatasi ya daftari yenye dole gumba la marehemu.