Pima hewa unayovuta wewe, si hewa ya jiji

Ukiwa na pumu Dar es Salaam, kila mtu ni daktari wako: kwepa foleni, kwepa vumbi. Sawa. Lakini kifaa kidogo cha kupima PM2.5, yaani chembechembe ndogo mno za hewani zinazoingia hadi ndani ya mapafu, ninachokitundika kwenye mkoba, kilionyesha namba zangu kubwa ziko nyumbani: jioni mkaa unapowashwa kibarazani, halafu chetezo cha udi kinapopitishwa vyumbani. Udi, jamani! Sebuleni kwetu ulizishinda daladala.

Usishtushwe na namba ya papo hapo. Tazama ni kubwa kiasi gani na umekaa nayo muda gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na wa mwaka usizidi 5. Piga hesabu: saa moja jikoni penye 360 inamaliza hizo 15 zote, hata kama saa 23 zilizobaki ungevuta hewa safi kabisa. Ndiyo maana anayepika na anayengoja chakula hawavuti hewa moja.

Namba za hewa peke yake hazitoshi. Mimi huandika pia kipimo cha pumzi, kile cha plastiki cha kupuliza kinachoonyesha kasi ya kutoa pumzi: asubuhi na jioni, kabla ya dawa, mara tatu, nachukua iliyo kubwa. Pembeni naongeza neno: udi, foleni, jirani kachoma taka, mafua. Mafua usiyaache, la sivyo utausingizia moshi kila kitu. Kwangu kifua hubana kesho yake zaidi kuliko jioni ile ya moshi, jambo ambalo lisingeonekana bila daftari. Nenda nalo kliniki, na usipunguze dawa mwenyewe eti namba zimeshuka.

Vifaa vya bei nafuu hupima kwa mwanga, na unyevu wa pwani huvimbisha chembe, hivyo alfajiri za masika vifaa hivyo huzidisha namba. Linganisha jiko lako na sebule yako, usigombane na namba za mwenzio. Na mkaa ulioshika, usiotoa moshi, kifaa hiki hukaa kimya nao wakati unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hakiipimi kabisa. Usiuingize chumbani kamwe.

Kwetu sasa mkaa unawashwa uani, mbali na madirisha, na chakula cha haraka kinapikwa kwa gesi. Bibi ameafiki yote, isipokuwa la udi wa Ijumaa.